Jeddah, Riyadh na gari jipya lililokuwa polepole

Ubishi wa gari jipya na la zamani hauishi kwa sababu mashahidi wake hawakutani. Gari la zamani lilikimbia barabara nyingine, kwa tairi nyingine, mikononi mwa dereva ambaye sasa amestaafu, na anayelitetea hutegemea kumbukumbu zaidi ya karatasi. Ndiyo maana yaliyotokea Jeddah kati ya Desemba 5, 2021 na Machi 27, 2022 yanafaa kuangaliwa kwa utulivu. Katika siku 112, mbio za langalanga zilifanyika mara mbili kwenye barabara ileile ya Corniche, kando ya Bahari ya Shamu, yenye urefu wa kilomita 6.174 na kona 27. Mara ya kwanza yalikimbia magari ya kizazi kilichokuwa kinaaga. Mara ya pili yalikuja magari yaliyobuniwa upya kuanzia sakafu hadi tairi, kwa kanuni ambazo Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliziandaa kwa miaka kadhaa kisha likaziahirisha kwa mwaka mmoja kwa sababu ya korona. Madereva wengi walikuwa walewale, timu zilezile 10, na mbio zote mbili zilikuwa za usiku chini ya taa. Saa ikatoa jibu lake. Mwaka 2021 Lewis Hamilton alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa dakika 1 na sekunde 27.511, mwaka 2022 Sergio Pérez aliishika kwa dakika 1 na sekunde 28.200. Gari jipya lilichelewa kwa sekunde 0.689.

Kwa anayeamini kwamba saa ndiyo hakimu, kesi imekwisha hapo, na bado anacho kielelezo kikubwa zaidi mkononi. Mzunguko wa kasi kuliko yote kuwahi kukimbiwa ndani ya mbio zenyewe za Jeddah, hadi mbio za 2025, ni ule wa Hamilton wa 2021, dakika 1 na sekunde 30.734. Charles Leclerc alijaribu mwaka 2022 akaishia 1:31.634. Mwaka 2025 Lando Norris aliweka mzunguko bora wa siku hiyo kwa 1:31.778, yaani zaidi ya sekunde moja nyuma ya gari lililokwisha kuwekwa makumbusho. Hoja yangu, hata hivyo, ni kwamba kizazi cha gari la mbio hakistahili kuwekewa saa kabla ya kuulizwa kilitumwa kufanya nini. Ushahidi wa Jeddah, ukiwekwa pamoja na ule wa Diriyah, pembeni mwa Riyadh, ambako magari ya umeme ya Formula E yalibadilisha vizazi mbele ya kuta za udongo za At-Turaif, unaonyesha jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita: kasi ya gari na ubora wa kizazi chake vinaweza kufuata njia mbili, na wakati mwingine kimoja hupanda kwa sababu kingine kinashuka.

Tuanze na sababu za kuchelewa, maana ndani yake kuna nusu ya jibu. Uzito wa chini unaoruhusiwa wa gari la 2021 ulikuwa kilo 752. La 2022 lilikuwa kilo 798. Kilo 46 hizo, karibu mfuko mzima wa saruji, hazikuongezwa kwa uzembe wa wahandisi. Sehemu yake ni tairi na rimu za inchi 18 zilizochukua nafasi ya zile za inchi 13. Sehemu nyingine ni mwili ulioimarishwa: pua ya gari ilitakiwa kumeza nishati zaidi kwa asilimia 48 katika jaribio la kugonga kwa mbele, na nyuma kwa asilimia 15. Baada ya ajali ya Romain Grosjean kule Bahrain mwaka 2020, ambapo gari lilikatika vipande viwili likawaka moto, kanuni mpya zilidai injini iweze kuachana na sehemu anayokaa dereva bila kulifichua tangi la mafuta. Petroli nayo ilibadilishwa, ikawa na ethanoli asilimia 10, na injini zikapoteza nguvu kidogo mwanzoni.

Usiku uleule ambao Pérez aliweka muda wake wa polepole, Mick Schumacher alipoteza gari lake la Haas katika hatua ya kufuzu, akabamiza ukuta wa zege kwa kasi ya kutisha. Sehemu ya nyuma iliachana na mwili wa gari. Kijana alipelekwa hospitali kwa uchunguzi, hakukimbia mbio za Jumapili, lakini raundi iliyofuata, Australia, alikuwa nyuma ya usukani. Sitaki kudai kwamba gari la 2021 lingemuua. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa uhakika. Ninachosema ni kwamba anayezilaumu zile kilo 46 kwa sekunde 0.689 anapaswa kutaja pia kazi ziliyokuwa zikiifanya. Saa haina safu ya kuandika hilo. Aidha, hiyo ndiyo wikiendi ambayo kombora la Wahouthi wa Yemen lilipiga ghala la mafuta la kampuni ya Aramco, si mbali na uwanja, na madereva wakakaa kikao hadi baada ya saa sita usiku wakijadili kama wakimbie au waondoke. Mtu akitafuta visingizio vya muda mbaya, visingizio vilikuwepo vya kutosha bila kuligusa gari.

Sababu kuu ya kubuniwa kwa gari la 2022, hata hivyo, haikuwa usalama. Ilikuwa hewa. Gari la langalanga linang'ang'ania barabara kwa sababu mabawa na sakafu yake hugeuza upepo kuwa mgandamizo wa kulikandamiza chini. Gari hilohilo huacha nyuma yake upepo uliovurugika, na anayefuata huingia kona akiwa na mgandamizo pungufu, tairi zikiteleza na kuchemka, hadi akate tamaa arudi nyuma. Kwa takwimu zilizotolewa na wenye mashindano wenyewe, gari la kizazi cha 2021 lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo likiwa mita 20 nyuma ya jingine, na asilimia 46 likiwa mita 10. Gari jipya, ambalo mgandamizo wake mwingi ulitoka kwenye mifereji iliyochongwa chini ya sakafu, lilikusudiwa kupoteza asilimia 4 tu kwa mita 20 na asilimia 18 kwa mita 10. Hapo ndipo swali la kizazi lilipobadilika. Gari la 2021 liliulizwa: ukiwa peke yako barabarani, unaweza kwenda upesi kiasi gani? La 2022 liliulizwa: ukiwa na mwenzako mbele, unaweza kumsogelea kiasi gani? Hatua ya kufuzu humpima dereva akiwa peke yake. Kwa hiyo kumlinganisha Hamilton wa Desemba na Pérez wa Machi kwa muda wa kufuzu ni kulitahini gari jipya kwa mtihani wa gari la zamani.

Mtihani wake halisi ulifanyika Jumapili. Max Verstappen wa Red Bull na Leclerc wa Ferrari walikimbizana mizunguko ya mwisho wakiwa wamegandana, wakaachiana uongozi mbele ya kona ya 27, na kwa dakika kadhaa wakacheza mchezo ambao ni nadra kuonekana. Aliyekuwa nyuma kwa chini ya sekunde moja kwenye mstari wa kipimo ndiye aliyeruhusiwa kufungua bawa la nyuma kwenye barabara iliyonyooka, basi wote wawili wakawa wanakanyaga breki kabla ya mstari, kila mmoja akimsihi mwenzake kimyakimya atangulie. Wakati mmoja tairi zao zilifunga na kutoa moshi, si kwa kugombea nafasi ya kwanza bali kwa kuikwepa. Verstappen alipita moja kwa moja mzunguko wa 47 kati ya 50 na akashinda kwa sekunde 0.549. Kuna atakayesema kwamba kilichofanya kazi pale ni bawa linalofunguka, nalo lilikuwepo tangu 2011. Ni kweli. Lakini bawa hilo halimsaidii aliye sekunde mbili nyuma. Ili ufike kona ya 27 ya Jeddah ukiwa umemgusa mwenzako mgongoni, lazima kwanza upite naye kona za kasi kati ya kuta, moja baada ya nyingine, bila gari kukuponyoka. Hilo ndilo lililowezekana Machi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine: mbio za Desemba 2021 zilikuwa za kusisimua kuliko hizo. Hamilton na Verstappen walikuwa wanawania ubingwa wa dunia, bendera nyekundu zilipandishwa mara mbili, mbio zikaanzishwa upya, wakagongana, na wote wawili wakaondoka Jeddah wakielekea Abu Dhabi na pointi sawasawa, 369.5 kila mmoja. Nani anakumbuka upepo uliovurugika usiku kama ule? Sipingi msisimko huo. Napinga kuuandika kwa jina la gari. Tukiondoa kuanzishwa upya kwa mbio, ambako magari hupangwa karibukaribu kwa lazima, na tukiondoa matukio ambayo mmoja aliamriwa amrudishie mwenzake nafasi, hatubaki na mengi. Mgongano wao maarufu ulitokea kwa sababu Verstappen alikuwa akipunguza mwendo ili amwachie Hamilton apite, Hamilton hakuwa amepata taarifa, akamgonga nyuma. Huo ni mchezo wa kuigiza wa hali ya juu, lakini mwandishi wake ni ubingwa uliokuwa mezani pamoja na ofisi ya waamuzi. Gari lolote la karne hii lingeweza kuutoa.

Kuna pingamizi la tatu ambalo ni la haki zaidi: barabara ya Jeddah haikubaki ileile. Kati ya mbio za kwanza na za pili, kuta zilisogezwa mahali kadhaa ili madereva waone mbele, na kona ya mwisho ikapanuliwa. Kwa mbio za 2023 kazi ilikuwa kubwa zaidi. Kona za 22 na 23, zilizokuwa zinapitwa kwa kasi ya kutisha, zilikazwa makusudi ili mwendo upungue kwa kilomita 50 hivi kwa saa. Pingamizi hili ninalikubali, lakini tazama linaelekea wapi. Mabadiliko ya kabla ya Machi 2022 hayakuifanya barabara kuwa ya polepole, kwa hiyo hayawezi kueleza ile sekunde 0.689. Yale ya 2023 yaliipunguza kasi, na bado mwaka 2024 Verstappen alifuzu kwa 1:27.472, akamzidi Hamilton wa 2021 kwa sekunde 0.039, kisha mwaka 2025 akashusha hadi 1:27.294. Wastani wa mzunguko huo ni takriban kilomita 254.6 kwa saa, kati ya kuta, usiku. Maana yake ni kwamba ndani ya miaka mitatu kizazi kipya kilifuta deni lote la saa, juu ya barabara iliyopunguzwa kasi, kikiwa bado na uzito wake. Aliyeliita gari la 2022 kushindwa kwa sababu ya muda alikuwa anamhukumu mtoto wa darasa la kwanza kwa mtihani wa kidato cha nne.

Lakini hapa ndipo hadithi inapogeuka, na wapenzi wa gari jipya nao wanapaswa kuisikia. Gari lilipata kasi kwa njia gani? Wahandisi wa timu hawalipwi ili mpinzani awafuate vizuri. Mwaka baada ya mwaka walitafuta mianya kwenye bawa la mbele, kwenye kingo za sakafu na karibu na magurudumu, wakaanza tena kuusukuma upepo nje kama walivyofanya zamani, na ule upepo uliovurugika ukarudi taratibu. FIA yenyewe imekiri hadharani kwamba magari ya mwisho ya kanuni hizo yalifuatana kwa shida kuliko yale ya mwanzo. Jeddah ya 2025 inaonyesha matokeo yake. Oscar Piastri wa McLaren alianza vizuri kuliko Verstappen, Verstappen akatoka nje ya barabara kwenye kona ya kwanza akabaki mbele, akaadhibiwa sekunde 5, akaitumikia adhabu aliposimama kubadili tairi, na Piastri akatwaa uongozi hapo. Mshindi alipatikana kwa kona moja na kalamu ya waamuzi. Mbio moja haitoshi kuwa takwimu, najua, lakini inakwenda sambamba na wanachosema wahandisi na waandaaji wa kanuni. Katika ardhi hiyohiyo, kati ya 2022 na 2025, gari lilipata kasi ya sekunde 0.906 katika kufuzu na likapoteza sehemu kubwa ya sababu iliyolifanya liundwe.

Mfano wa karibu zaidi wa jinsi kizazi kinavyogeuza mizani ni Hamilton mwenyewe. Desemba alichukua vyote Jeddah: nafasi ya kwanza ya kuanzia, ushindi na mzunguko bora. Machi, dereva yuleyule, timu ileile ya Mercedes, aling'olewa katika sehemu ya kwanza ya kufuzu akiwa wa 16, akamaliza mbio wa 10. Gari la Mercedes la 2022 lilikuwa likidundadunda kwenye barabara iliyonyooka, kwa sababu sakafu iliyovutwa chini na upepo ilikuwa ikikaribia lami, ikapoteza mvuto ghafla, ikainuka, ikavutwa tena. Mwenye kumbukumbu fupi alisema mzee amechoka. Alikuwa na miaka 37, na miezi minne kabla alikuwa akipigania taji lake la nane. Gari moja likitoka na jingine likaingia, ujuzi mwingi uliokusanywa kwa miaka hubaki nje ya mlango pamoja na lile la zamani.

Riyadh inalo simulizi lake, na kwa maoni yangu ni safi kuliko la Jeddah. Diriyah, kitovu cha dola ya kwanza ya Saudia, ambako mtaa wa At-Turaif uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010, ndiko gari la kizazi cha pili la Formula E lilikokimbia mbio zake za kwanza kabisa, Desemba 15, 2018. Mvua kubwa ilivuruga ratiba ya kufuzu asubuhi, jambo ambalo Riyadh haikulizoea, na António Félix da Costa akashinda mbio. Kizazi cha kwanza, kilichoanza Beijing mwaka 2014, kilikuwa na aibu moja isiyofichika: betri haikufika mwisho, kwa hiyo kila dereva alikuwa na magari mawili, akashuka katikati ya mbio na kurukia la pili. Gari lililokuja Diriyah lilikuwa na betri yenye akiba karibu mara mbili na likamaliza mbio peke yake. Nguvu yake ilipanda kutoka kilowati 200 hadi 250. Hakuna aliyehitaji saa kujua ni lipi bora. Swali lilikuwa kama gari la umeme linaweza kumaliza safari, na jibu lilionekana kwa macho.

Kisha, Januari 2023, kikaja kizazi cha tatu kwenye barabara hiyohiyo nyembamba ya kilomita 2.495 na kona 21, na Pascal Wehrlein wa Porsche akashinda siku zote mbili. Hapa pana jambo ambalo mtu wa petroli hulipokea kwa mashaka: betri ilikuwa ndogo kuliko ya gari lililotangulia. Nguvu ilipanda hadi kilowati 350, uzito ukapungua kwa kilo 60 hivi, na akiba ya umeme ikapunguzwa. Iliwezekana kwa sababu gari jipya lilikuwa na mota ya mbele iliyofanya kazi moja tu wakati huo, kukusanya umeme wakati wa kufunga breki, ikisaidiana na ya nyuma hadi kilowati 600 kwa jumla. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaotumika katika mbio huzaliwa humohumo kwenye kona. Breki za kawaida za magurudumu ya nyuma zikaondolewa kabisa; mota ndiyo breki. Kwa upande wa saa, waliotarajia miujiza walivunjika moyo, maana tairi ngumu za Hankook zilizochukua nafasi ya Michelin hazikuupa mwili ule mshiko unaolingana na nguvu zake. Ukilipima kwa muda wa mzunguko utasema maendeleo yalikuwa madogo. Ukilipima kwa nishati iliyobebwa kutoka mwanzo wa mbio, ni gari linalofanya mengi zaidi kwa kidogo zaidi, na hilo ndilo lilikuwa agizo.

Gari hilo nalo lilizaa tabia yake isiyotakiwa. Kwa kuwa aliye mbele hupasua upepo na kuchoma umeme huku walio nyuma wakijificha mgongoni mwake, madereva walianza kukataa uongozi, wakaenda kundi zima kama waendesha baiskeli. Ni ugonjwa uleule tuliouona kwa Verstappen na Leclerc kwenye kona ya 27, ila chanzo ni kingine. Februari 2025 mashindano yalihama Diriyah yakaenda Jeddah, kwenye kipande kifupi cha barabara ya Corniche, na gari likiwa limeboreshwa: tairi laini zaidi, na mota ya mbele kuruhusiwa kusukuma wakati wa kuondoka na wakati wa nguvu za ziada, kiasi kwamba linafika kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kwa sekunde 1.86. Kwenye mbio za Ijumaa walilazimishwa, kwa mara ya kwanza, kusimama kuongeza chaji kwa sekunde 30 kwa nguvu ya kilowati 600, wakapata asilimia 10 ya betri. Maximilian Günther alishinda kwa kumpita Oliver Rowland katika mzunguko wa mwisho, na kesho yake Rowland akajibu. Karibu miaka saba baada ya dereva kuacha kubadilisha gari, mashindano yameamua kwa hiari kurudisha kituo cha katikati, kwa sababu sasa hakiletwi na udhaifu.

Msomaji wa Nairobi au Arusha anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, naye amezoea gari lililotumika linalohesabiwa umri bandarini. Swali lake lina msingi, maana forodha ndiyo yenye saa kali kuliko zote: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Saudia hukomea miaka 5 kwa magari madogo, na hakuna ofisa anayeuliza gari lilibuniwa kwa kazi gani. Basi achukue mfano ulio karibu naye. Mashindano ya Safari Rally yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yalikimbiwa na magari ya kizazi cha 2017. Mwaka 2022 yakaja ya mseto wa petroli na umeme, yenye mota ya kilowati 100 na gia 5 badala ya 6, na kwenye vumbi la Naivasha Toyota zikashika nafasi zote nne za kwanza. Yalitangazwa kuwa ndiyo kesho ya mchezo. Mwaka 2025 mota za umeme ziling'olewa, uzito wa chini ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na raundi ya kufunga msimu, iliyofanyika Jeddah Novemba mwaka huo, ikakimbiwa kwa petroli peke yake ndani ya mwili wa gari lililobuniwa kwa mseto. Kizazi kilichokuja kujibu swali la mazingira kiliachwa kwa sababu ya gharama na ugumu wa kukihudumia, wala si kwa sababu ya mwendo wake.

Sasa kanuni za langalanga za 2026 zimeleta gari jingine, na ndilo la kulitazama kwa jicho hili. Uzito wa chini umeshushwa hadi kilo 768, upana umepunguzwa kutoka milimita 2,000 hadi 1,900, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hauruhusiwi kuzidi milimita 3,400 badala ya 3,600. Bawa la kumsaidia aliye nyuma limefutwa. Mabawa hufunguka kwa kila mmoja kwenye barabara iliyonyooka. Mota ya umeme imetoka kilowati 120 hadi 350, ikawa karibu nusu ya nguvu yote, na kifaa kilichokuwa kikivuna umeme kutoka kwenye moshi wa injini kimeondolewa. Umeme mwingi lazima sasa upatikane dereva anapofunga breki au anapoachia mafuta. Jeddah ni barabara ambayo mguu hukaa kwenye mafuta kwa sehemu kubwa ya mzunguko na breki nzito ni chache. Diriyah ilikuwa na kona 21 ndani ya kilomita mbili na nusu, na gari la Formula E lilichaji karibu kila pembe. Corniche haitoi nafasi hizo. Kati ya barabara zote za kalenda, hii ni moja ya zile ambazo gari jipya la langalanga litakuwa na njaa kali ya umeme, na dereva atalazimika kuachia mafuta mapema, mbele ya kuta, huku akijua kwamba aliye mgongoni mwake anaweza kuwa na akiba aliyoificha.